Elimu na kipato katika miguu ya mzee

Mzee akija kwangu kwa mazoezi tiba, kabla sijamshika goti namwomba ainuke kitini mara tano mfululizo, mikono ameikunja kifuani. Kisha atembee mita 4 kwa mwendo wake wa kila siku, halafu asimame bila kushikilia kitu, kwanza miguu sambamba, mwishoni mguu mmoja mbele ya mwingine. Kila sehemu ina alama 4, jumla 12. Kipimo hiki alikichapisha Jack Guralnik na wenzake huko Marekani mwaka 1994, na alama zake husaidia kubashiri nani atakuja kushindwa kujihudumia. Nikimaliza nauliza: ulisoma mpaka darasa la ngapi, na siku hizi pesa ya matumizi unaipata wapi?

Majibu hayo mawili siyachanganyi. Chuo Kikuu cha Michigan kilianza kuwafuatilia Wamarekani zaidi ya 3,600 mwaka 1986, na waliochambua takwimu zao waliona kwamba elimu inahusiana zaidi na kuanza kwa matatizo ya mwili, wakati kipato kinahusiana zaidi na jinsi yanavyozidi yakishaanza.

Elimu inatangulia kwa sababu ndiyo iliyompangia mtu kazi. Wazee wangu wa miaka 70 na kuendelea walikuwa wameshavuka umri wa darasa la kwanza Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza Tanzania mwaka 1977. Aliyekosa shule alishika jembe, akabeba magunia, akajitwika ndoo tangu utotoni, na magoti na kiuno vikalipia. Presha nayo haikupimwa mpaka kiharusi kilipompiga.

Kipato kina utata wake. Fundi mwashi akiumia mgongo, kazi inakwisha na pesa inakwisha, kwa hiyo ukimkuta maskini na hawezi kuinama, huwezi kusema haraka kipi kilimleta mwenzake. Darasa la saba la mtu halipunguzwi na ugonjwa wa uzeeni.

Mtu ataniambia wazee wa kijijini hawakusoma na bado wanapanda milima. Ni kweli wapo, nami nawaheshimu. Lakini tunaowaona ni waliosalia. Wenzao waliochoka mapema wameshazikwa, au wako ndani hawatoki.

Nilimhudumia mama mmoja muuza vitumbua aliyepata kiharusi chepesi upande wa kulia. Alianza vizuri, alama zikapanda, kidogo kidogo akawa anainuka bila kusukuma kiti. Daladala hakuweza kupanda, ikabidi aje kwa bajaji, kwenda na kurudi, na vitumbua havikuwa vikichomwa. Akaacha kuja. Aliporudi baada ya miezi, kifundo cha mguu kilikuwa kimekakamaa na tukaanza nyuma ya pale tulipoanzia.

Ndiyo maana pensheni jamii ya Zanzibar naihesabu kuwa sehemu ya tiba. Ilianza Aprili 2016, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, awe aliwahi kuajiriwa au la. Kenya nayo ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Huku bara sera inamsamehe matibabu mzee wa miaka 60 asiye na uwezo, ila msamaha unaishia dirishani hospitalini. Mazoezi ya kiharusi yanataka mgonjwa aje mara kadhaa kwa wiki, miezi mfululizo, na bajaji haina msamaha.