Laptopu yangu inajiita 127.0.1.1, sasa karani ataipataje?

Juzi nilikuwa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, kuna mama ananunua dagaa kwa jumla, ana laptopu ya Ubuntu (aina ya Linux) inayopokea uzito toka kwenye mizani halafu kompyuta ya karani inatakiwa ivute hizo namba kupitia wifi. Programu niliandika mwenyewe kwa Python, kwa hiyo lawama zote zangu. Nyumbani Nyegezi ilipiga kazi safi kabisa, nikajiona fundi.

Tumefika pale, skrini inaandika "karani aunganishe hapa: 127.0.1.1". Karani anachapa, wapi. "Kaka, haikubali." Anachapa tena. Foleni ya magunia inazidi, na mama ananiangalia tu, "Mwanangu, hawa watu wanasubiri hela zao."

Kosa lilikuwa mstari huu ambao najua hata wewe umewahi kuukopi sehemu: `socket.gethostbyname(socket.gethostname())`. Hapo unaiuliza mashine jina lake, halafu unatafuta IP (anwani ya mtandao) ya hilo jina, na Ubuntu na ndugu yake Debian kwenye faili la majina na anwani, `/etc/hosts`, zinaandika jina la mashine pembeni ya 127.0.1.1. Chochote kinachoanza na 127 ni mashine kujiongelesha yenyewe. Nyumbani ilikubali sababu nilijaribia seva (inayotoa namba) na klayenti (anayezivuta) kwenye laptopu hiyohiyo, yaani nilikuwa najipigia simu mwenyewe na kujipokelea.

Nikahamia kwenye ile janja ya UDP (njia ya kutuma data bila kuunganishwa kwanza):

```
s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_DGRAM)
s.connect(("8.8.8.8", 80))
print(s.getsockname()[0])
s.close()
```

Watu wanaogopa wakiona 8.8.8.8, seva ya Google huko intaneti, wanadhani bando linaliwa, hapana, `connect` ya UDP haitumi paketi hata moja, keneli (kiini cha mfumo) inachagua tu njia ya kutokea na `getsockname()` inakuambia umetokea mlango gani. Ikaleta 192.168.8.100. Karani akachapa, wapi tena!

Hapa ndo nilikaa chini kwenye ndoo nikafikiria. Laptopu ya mama ilikuwa na modemu ya USB kwa ajili ya intaneti, na wifi ya rauta kwa ajili ya karani. Milango miwili, IP mbili. Mimi nimeuliza njia ya kwenda 8.8.8.8, ikanijibu ya modemu, na haikudanganya, swali langu ndo lilikuwa bovu. Karani hayupo huko, yupo upande wa rauta. Nikabadilisha 8.8.8.8 nikaweka IP ya kompyuta ya karani, ikajibu 192.168.1.23, na uzito ukaanza kumiminika. Kwa hiyo ukiulizwa "IP ya hii mashine ni ipi" na wewe uliza, kwa kwenda wapi?

Na kama muunganiko tayari upo usihangaike kabisa, ile soketi (ncha yako ya muunganiko) uliyoipata kwenye `accept()` inajua kila kitu: `getsockname()` upande wako, `getpeername()` upande wa mwenzako. Ila ichukue mapema na uitunze, maana mwenzako akishakatika `getpeername()` inaweza kukurushia kosa la OSError ukabaki hujui hata aliyekatika ni nani.

Mchana programu ikafa. "Too many open files". Nikaiwasha tena, baada ya muda nikaichungulia na maktaba ya psutil, `psutil.net_connections(kind="tcp")`, ambayo inakupa laddr (anwani yako), raddr (ya mwenzako), hali na pid (namba ya programu) kwa kila muunganiko (bila sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, pid za programu za watumiaji wengine zinakuja None, usishtuke). Nikakuta CLOSE_WAIT zimejaa kama mbu wa ziwani. Maana ya CLOSE_WAIT ni kwamba wa upande wa pili kashafunga, wewe ndo hujafunga. Kompyuta ya karani ilikuwa inafungua muunganiko mpya kila gunia likipimwa, na mimi kila soketi naitupia kwenye listi siiondoi, na Linux inahesabu kila soketi kama faili lililofunguliwa, na kwa kawaida inakupa faili 1024 kwa programu moja, basi magunia yakafika idadi hiyo.

Nikaongeza `conn.close()` na kuitoa kwenye listi. Jioni nikahesabu tena miunganiko kwenye poti ya programu yangu: moja LISTEN (inasubiri wageni), moja ESTABLISHED (imeunganishwa), ya karani aliyekuwa anapima gunia la mwisho.