Foliki haingoji uanze kliniki: maswali na majibu

Mama ana mimba ya miezi minne, anafungua mkoba, anatoa pakiti ya vidonge vya foliki ambayo hata haijatobolewa. "Nilikuwa nangoja nianze kliniki." Nimeyasikia hayo mara nyingi mno. Wengine huniuliza pia kama jeni iitwayo MTHFR inawazuia kumeza foliki, basi nianze nayo.

MTHFR ni nini?
Ni jeni inayouelekeza mwili kutengeneza kimeng'enya cha kuiandaa foliki (vitamini B9). Ikishaandaliwa, hutoa methili, kemikali ndogo ambayo baada ya hatua kadhaa hubandikwa kwenye DNA na kusaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Kubandika huko ndiko methilesheni.

Nimeambiwa nina C677T. Ni ugonjwa?
Hapana. Ni tofauti ya herufi moja tu ya DNA katika jeni hiyo ya MTHFR, na wenye nayo ni wengi. Aliyeirithi kwa baba na mama, kimeng'enya chake ni kivivu, na foliki katika damu yake huwa pungufu kwa takriban asilimia 16. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi (uti wa mgongo haukufunga alipokuwa tumboni) nao huongezeka kiasi.

Basi niache vidonge? Nasikia vinatudhuru sisi wenye jeni hii.
Usiache! Mwili wako unaitumia foliki ya vidonge. Ikiwa damu yako ina upungufu, unaacha kumeza ili iweje?

Nianze lini?
Kabla ya mimba. Angalau mwezi mmoja kabla, mikrogramu 400 kila siku, hadi wiki ya 12. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ifikapo siku ya 28 tangu mimba itungwe. Piga hesabu: siku hiyo hedhi imechelewa wiki mbili tu, na wengine hata mkojo hawajapima.

Nikianza mwezi wa nne wa mimba, kliniki ya kwanza?
Kwa mgongo wazi, umechelewa. Meza, maana damu bado inaihitaji foliki, lakini kilichobaki wazi wiki ya nne hakifungwi na kidonge cha mwezi wa nne.

Sijapanga kubeba mimba.
Wengi ninaowaona hawakupanga. Kama unaweza kushika mimba, meza. Kabla, dada, kabla.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi.
Muone daktari kabla ya mimba nyingine. Dozi yako ni miligramu 4 au 5, mara kumi na zaidi ya ile ya kawaida. Utafiti uliochapishwa 1991 ulionyesha inapunguza kujirudia kwa asilimia 72. Usiifikie kwa kurundika multivitamini, kwani vitamini A ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Nipime jeni kwanza?
Ya nini? Mwenye C677T na asiye nayo huanza na mikrogramu zile zile 400. Ukingoja majibu, siku 28 hazikungoji.