Mwanasesere Akiporomoka Ngazini: Dhana Potofu Kuhusu Gemu za Kuanguka na Kugongana

Watoto wanne wamemzunguka mwenzao mwenye simu. Kwenye kioo, mtu asiye na uso anasukumwa kutoka juu ya ngazi: anabingirika, mkono unamzunguka shingoni, mguu unanasa kwenye ukingo, kisha anatua chini kama gunia. Watoto wanaangua kicheko. Mzazi anayepita anakunja uso. Nimezicheza gemu hizi kwa miaka mingi, nazipenda kweli, na yanayosemwa juu yake mara nyingi si sahihi.

Dhana: Mianguko ile imechorwa tayari, mchezaji anabonyeza tu.

Zamani ilikuwa hivyo. Mhusika akipigwa, kompyuta ilionyesha mwanguko uleule uliochorwa, awe amesimama uwanjani au kando ya ukuta, hata miguu yake ikapenya matofali. Mwaka 2000 ilitoka Hitman: Codename 47, ya kampuni ya IO Interactive ya Denmark, moja ya gemu za mwanzo kuachana na mtindo huo. Mtaalamu wao, Thomas Jakobsen, aliujenga mwili kwa nukta chache zilizounganishwa na vijiti visivyorefuka wala kufupika. Kompyuta haihifadhi kasi ya nukta. Inajua tu ilipo sasa na ilipokuwa punde iliyopita. Inaisogeza mbele kwa tofauti hiyo na kuongeza nguvu ya mvutano wa dunia. Kisha inapitia vijiti kimoja kimoja, na kila kilichovutika inakirudisha kwenye urefu wake. Kazi hiyo inafanyika upya mara nyingi katika kila sekunde.

Njia hiyo inaitwa kwa jina la Loup Verlet, mwanafizikia Mfaransa aliyeitumia mwaka 1967 kukokotoa mienendo ya molekuli. Mimi hili hunisisimua kila nikilifikiria: hesabu ya chembe zisizoonekana ndiyo inayombingirisha mwanasesere ngazini.

Na hapo ndipo ulipo utamu wenyewe. Sogeza kidole kidogo tu, bega liguse ngazi ya nne badala ya ya tatu, na safari nzima ya kuanguka inabadilika. Ndiyo maana mtu anasema "mara moja tu ya mwisho" na kurudia mara thelathini. Hakuna aliyeupanga mwanguko ule, hata mtengenezaji wa gemu.

Dhana: Anayezifurahia ana roho ya ukatili.

Mtu akiteleza mbele yetu, neno la kwanza ni "pole", na la pili ni "umeumia?" Akiinuka akijipangusa na kusema hajambo, ndipo kicheko kinapotoka, chake na chetu. Mbele ya mwanasesere swali hilo limeshajibiwa kabla hajaanguka. Hana jina, halii, na ukibonyeza tena amesimama mzima juu ya ngazi. Kinachochekesha ni mwili uliokosa utii, kichwa kinaelekea huku na miguu inaelekea kule.

Mwaka 2019, Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha utafiti juu ya vijana wapatao 1,000 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu zenye vurugu na tabia ya ugomvi. Hata hivyo gemu hizi hazifanani. Happy Wheels, iliyotoka 2010, imejaa damu na viungo vilivyokatika, na mimi simpi mtoto mdogo.

Dhana: Hazihitaji akili.

FlatOut, gemu ya magari ya mwaka 2004 kutoka kampuni ya Bugbear ya Finland, ina michezo ya pembeni ambamo dereva anarushwa kupitia kioo cha mbele ili aruke juu au aangushe pini za bowling. Kasi bila pembe sahihi haikufikishi popote.

Dhana: Ni mtindo mpya wa simu.

Porrasturvat, mchezo wa kumsukuma mtu ngazini uliotengenezwa na Jetro Lauha wa Finland, ni wa mwaka 2002.

Dhana: Zinaonyesha ajali ilivyo.

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwanasesere wa gemu hana misuli. Mtu aliye hai hukaza shingo, hutanguliza mikono, hujikunja. Tena mwendo ukipanda kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nishati ya mgongano haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, na macho hayawezi kuisoma tofauti hiyo kwenye kioo cha simu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka. Wahandisi wanaotaka kujua mwili unapata nini garini hutumia mwanasesere mwingine kabisa. Anayejulikana zaidi ni Hybrid III wa General Motors, wa mwaka 1976, mwenye shingo ya mpira, mbavu za chuma, na vihisio vya kupima pigo kichwani na kifuani.