Kipandikizi cha uume: baada ya upasuaji, raha inabaki?

Kifaa chenyewe kinafanyaje kazi?

Kipandikizi ni mirija au fimbo mbili anazowekewa ndani ya uume mwanamume ambaye uume wake hausimami, pale ambapo zamani damu ilikuwa ikijaa. Aina rahisi ni ya fimbo zinazokunjika: unauinua uume kwa mkono, ukimaliza unaushusha. Aina ya kujaza maji ilitangazwa mwaka 1973 na Dkt. Brantley Scott wa Houston, Marekani, pamoja na wenzake. Hii ina pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani, na kifuko cha maji ya chumvi kilichofichwa chini ya tumbo. Mwanamume anaibana pampu kwa vidole mara kadhaa, maji yanahamia kwenye mirija, uume unasimama. Akibonyeza kitufe cha pampu, maji yanarudi na uume unalala.

Hisia hazifi?

Hazifi. Mishipa ya fahamu inayoleta hisia inapita nje ya sehemu inayowekewa mirija. Aliyekuwa akifika kileleni kabla ya upasuaji, kwa kawaida ataendelea kufika. Korodani na njia ya mbegu haviguswi, kwa hiyo uwezo wa kuzalisha unabaki kama ulivyokuwa. Aliyeondolewa tezi dume yote kwa sababu ya saratani ana habari tofauti kidogo: shahawa hazitoki tena tangu siku ile, ila kileleni anaweza kufika. Na kama kisukari kilishapunguza hisia, kifaa hakizirudishi.

Mbona wengine wanalalamika kwamba uume umekuwa mfupi?

Hapa ndipo penye manung'uniko mengi, na mara nyingi chanzo chake ni mazungumzo yaliyorukwa kabla ya upasuaji. Daktari akiunyoosha uume uliolala na kuupima, urefu ule ndio unaokaribia utakaoupata. Mgonjwa, kwa upande wake, anakumbuka alivyokuwa kijana. Miaka ya kisukari au upasuaji wa tezi dume huweza kuupunguza urefu hata kabla kifaa hakijawekwa. Tena kichwa cha uume hakijai kama zamani, kwa kuwa maji ya kifaa hayaendi huko. Kinabaki laini, wakati mwingine baridi kidogo. Asiyeambiwa mapema anadhani amepasuliwa vibaya.

Kinaongeza hamu?

Hapana. Hamu iliyopotea kwa homoni kupungua, msongo wa mawazo au ugomvi wa ndani ya nyumba inatibiwa kivyake. Wale wanaotaka kuongezea vumbi la Kongo, ule unga wa nguvu za kiume, juu ya kifaa wanapoteza hela: ugumu tayari upo.

Na mke?

Aje kliniki tangu mwanzo. Tafiti nyingi zinaonyesha wanaume zaidi ya 8 kati ya 10 wanaridhika, na wenza wao hawako mbali na hapo. Lakini mke asiyefahamu atashangaa kuona mume ameshamwaga na uume bado umesimama. Utabaki hivyo mpaka maji yarudishwe, na wapo wanaoona hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Tunaruhusiwa lini kufanya tendo la ndoa?

Kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6, kidonda kikipona na daktari akiruhusu. Mwanzoni mfuko wa korodani huvimba na pampu inauma ukiigusa. Kujaza na kurudisha maji kunafundishwa kliniki. Vidole vinazoea taratibu.

Kuna hatari gani?

Maambukizi si ya kawaida, lakini yakitokea mara nyingi kifaa kizima hutolewa, ndiyo maana sukari inadhibitiwa kwanza. Jingine ni kwamba hakuna kurudi nyuma. Kikishawekwa, sehemu zilizokuwa zikijaa damu huharibika. Kikitolewa, usitegemee vidonge vifanye kazi tena. Kwa hiyo wengi huanza na vidonge, sindano au pampu ya nje ya kuvuta hewa.

Kifaa chenyewe huchoka. Wengi hukitumia miaka 10 au zaidi. Kikivuja, maji yale ya chumvi hayadhuru mwili. Uume tu hausimami, na kinachofuata ni upasuaji wa kukibadilisha.