Kabla hujajaza fomu ya kuhama lugha ya programu

Tangu dirisha la udahili wa kozi fupi lifunguliwe, malalamiko yanayofika kwenye dawati la TEHAMA chuoni kwetu hapa Tanga ni ya aina moja. Mtu kajiandikisha lugha ya Java, wiki ya tatu anataka Python. Kahamia Python, mwezi haujaisha anaulizia Kotlin. Mji wetu una sifa ya waja leo waondoka leo, lakini msemo ule tuwaachie wageni. Nikiwa mratibu wa kozi hizi, nimeona niandike tuelewane kabla ada za watu hazijaendelea kupotea.

Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba lugha fulani "imekufa". Sijui matanga haya huanzia wapi. Java ilitoka mwaka 1995 na hadi leo mifumo mingi ya mabenki inaitegemea. PHP huzikwa kila mwaka, ilhali WordPress, inayoendesha tovuti chungu nzima duniani, imeandikwa kwa PHP. COBOL ni ya mwaka 1959 na bado inapiga hesabu katika mabenki ya Marekani. Kilichokufa kweli ni toleo la 2 la Python, lililoachwa rasmi Januari 1, 2020, na hicho ndicho ambacho baadhi yenu mnaendelea kutuletea vitabu vyake. Ukiona kitabu kinaandika print, amri ya kuonyesha maandishi kwenye kioo, bila mabano, kirudishe ulikokitoa.

Na hili nililoeleza dirishani mara nyingi kupita kiasi: Java na JavaScript ni lugha mbili tofauti. Ya pili mwandishi wa programu Brendan Eich aliiandika kwa takriban siku 10, Mei 1995, akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, kisha ikapewa jina la kufanana na mwenzake kwa sababu za soko. Mzazi aliyelipia moja akidhani kalipia nyingine harudishiwi fedha kwa hoja ya jina.

Lugha inayofuata huchaguliwa na kazi iliyo mbele yako. Mwenye kutaka programu za simu za Android aende Kotlin, ambayo Google imeipa kipaumbele tangu mwaka 2019, ila ajue kwamba Android Studio, programu ya kuziandikia, inataka RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 8 kwa uchache. Laptopu ya GB 4 itamtoa machozi. Mwenye kuchambua takwimu, Python. Mwenye tovuti hana pa kuikwepa JavaScript, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka na kila kivinjari. SQL nayo, lugha ya kuulizia hifadhidata, wote mtaihitaji, na karibu wote mnairuka. (Kutajwa kwa kampuni au bidhaa humu hakumaanishi kuwa chuo kinaipendekeza, wala chuo hakitoi ahadi ya ajira kwa lugha yoyote.)

Majuzi alikuja binti wa Ngamiani, laptopu kwapani, fomu keshaijaza. Alikuwa anamtengenezea mama yake, muuza machungwa ya Muheza, programu ndogo ya kuhesabu mauzo. Matenga 5 asubuhi, 3 jioni, jumla kwenye kioo: 53.

"Shikamoo mwalimu. Hii JavaScript haijui hesabu, naomba nihamie Python."

"Marahaba. Iandike hiyohiyo kwa Python, hapohapo ulipokaa."

Akaandika. Python nayo ikatoa 53. Anachochapa mtumiaji huingia kama maandishi, na maandishi mawili ukiyajumlisha, lugha zote mbili huyaunganisha tu, 5 ikapakana na 3. Inabidi uyageuze kuwa namba kwanza. Alipogeuza, zote zikatoa 8. Fomu akaikunja, akaitia mkobani.

Sisemi mtu agande na lugha moja. Lugha ya pili hufundisha mambo ambayo ya kwanza ilikuficha. Aliyezoea Python, ambako 7 ukigawa kwa 2 unapata 3.5, hushtuka Java ikimpa 3, kwa kuwa namba zote mbili ni kamili na Java hutupa sehemu iliyobaki bila kumuuliza. Mshtuko huo una faida kwa mtu aliyekwisha kumaliza kazi moja ya maana. Kwa aliyeishia sura ya pili ni fujo juu ya fujo.

Kwa hiyo utaratibu wa kuhama umebadilika kuanzia muhula huu. Fomu inajazwa nakala mbili kwa kalamu ya wino, si penseli, na picha ya fomu kwa WhatsApp haipokelewi. Mkufunzi wa kozi unayotoka asaini kwanza, kisha wa kozi unayokwenda. Ukigeuza mpangilio huo unaanza upya. Ukishapewa kumbukumbu namba ya malipo, lipa tozo ya uhamisho ndani ya siku 7, maana namba hufa yenyewe na mhasibu hana uwezo wa kuifufua. Usilipie kwa namba ya mwenzako hata kama ni ndugu yako. Atakayehama ndani ya wiki 2 za mwanzo, ada yake inahamishwa yote. Baada ya hapo inahamishwa nusu. Baada ya wiki ya 6 hakuna kinachohamishwa. Kughushi saini ya mkufunzi ni kosa la kinidhamu: unaondolewa kwenye kozi na hudahiliwi tena kwa mihula miwili. Yameshatokea.

Sharti jipya ni moja, na ndilo linalonuniwa zaidi: uje na programu moja uliyoimaliza kwa lugha unayoiacha, inayofunguka na kufanya kazi mbele ya mkufunzi. Iwe ndogo, hata ya matenga ya machungwa. Ilete kwenye fleshi pamoja na fomu, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, isipokuwa Ijumaa tunapofunga saa sita. Fleshi ikiwa na virusi tutakurudishia bila kuifungua.