Eti mpunga hauna mizizi ya kwenda chini?
Jamani, hii ya kusema mpunga ni mmea wa maji so mizizi yake inakaa juujuu tu, tumeisikia miaka na miaka sababu ukiung'oa jarubani unatoka na kishungi kifupi chenye tope, kumbe ya chini imekatikia ardhini. Inategemea mbegu.

Watafiti Japani walipanda mpunga kwenye vikapu vya matundu kama chujio, wakahesabu mizizi inayotokea ubavuni na inayotokea kitakoni. IR64, mbegu maarufu ya Ufilipino, mingi ikatambaa pembeni, ila Kinandang Patong, ya nchi kavu hukohuko, ikazama. 2013 wakatangaza jeni (kipande cha urithi) DRO1 inayopanga pembe ya mzizi, yaani uzame chini au utambae pembeni, na IR64 iliyopewa hiyo jeni kwenye ukame ilijaza punje vizuri kuliko IR64 isiyo nayo.