"Asiyefanya kazi na asile": mstari wenyewe unasemaje?

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba Biblia inasema "asiyefanya kazi na asile", na kwa hiyo Mkristo anayemsaidia mtu asiye na kazi anamdekeza. Imani hii haikuzuka hewani. Inatoka Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, 3:10, na hakuna anayependa sadaka yake iishie kwa mvivu.

Lakini fungua Biblia ya Muungano usome polepole: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Hataki. Uzito wote uko hapo. Kibarua aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akasimama nje ya saiti mpaka jua la utosini, akarudi bila kuitwa, huyo anataka. Mjane aliyevimba miguu anataka, ila hawezi. Kuwapa hawa mgongo kwa mstari huu, kwangu mimi, ni kuwaonea.

Hakikisha mwenyewe. Anzia mstari wa 6, utaona wanaokemewa ni watu walioacha shughuli zao wakajiingiza katika mambo ya wengine. Mstari wa 13, waumini wengine wa Thesalonike wanaambiwa wasikate tamaa katika kutenda mema. Soma pia Walawi 19:9-10: mkulima anaagizwa asivune pembe za shamba, aziachie maskini na mgeni waokote wenyewe.

Na ukiwa na shaka na anayebisha hodi, majirani na wanajumuiya wanajua nani anaumwa na nani amekosa kibarua. Waulize kabla hujafunga mlango.